Ramani za Orodha Nyekundu kwa anayemtafuta nguchiro wa Jackson: maandishi nyota nne, mchoro nyota mbili na nusu

Huduma inayopimwa hapa ni ya bure: ramani za mtawanyiko wa wanyama ambazo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, huzitoa kupitia tovuti ya Orodha Nyekundu, orodha inayopima hatari ya spishi kutoweka, iucnredlist.org. Tumeipima kwa mnyama mmoja mgumu, nguchiro wa Jackson (Bdeogale jacksoni). Ramani ya tembo haimpi mtu shida, maana tembo huonekana, huacha mavi makubwa na watu humjua. Nguchiro huyu hutembea usiku, hukaa ndani ya msitu mnene, na watu wengi wanaoishi kando ya msitu wake hawajamwona hata mara moja. Mnyama wa namna hii ndiye anayeonyesha ramani imesimama juu ya nini.

Wanaoitumia huduma hii kwetu ni wanafunzi wa wanyamapori pale SUA na Mweka, waongoza watalii, maafisa wa hifadhi, na washauri wa tathmini za athari kwa mazingira. Wengi hufungua ukurasa, hupiga picha ya skrini na kuibandika kwenye ripoti. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuitumia, na ndicho kinacholeta makosa mengi.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Andika jina la kisayansi kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiandika jina la jumla la nguchiro kwa Kiingereza utaletewa orodha ndefu ya spishi za Afrika na Asia. Kiswahili hakipo, tathmini yote imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na hilo ni pungufu kubwa kwa huduma inayotegemea taarifa za watu wa vijijini na askari wa doria. Ukurasa ukifunguka utaona hadhi ya mnyama kwanza (huyu amewekwa kwenye kundi la wanaokaribia kutishiwa), kisha mwaka wa tathmini, kisha ramani yenye poligoni za rangi, yaani maeneo yaliyozungushiwa mstari. Kwa simu ramani hupakia polepole na hula bando. Kama una kompyuta, itumie.

Poligoni ile inasema jambo moja dogo kuliko watu wanavyodhani: kwamba mnyama, kadiri wanavyojua waliochora, anapatikana ndani ya mstari huo. Haisemi kwamba yumo kila mahali ndani yake. Kijiji, shamba la miwa na barabara ya lami vinaweza kuwa ndani ya rangi, na rangi ikabaki rangi ileile. Kwa mnyama wa nyika kosa hilo ni dogo. Kwa mnyama wa msituni, kwenye milima ambayo msitu wake umekatikakatika vipandevipande, linaweza kuwa kubwa kuliko eneo lenyewe analoishi.

Ndiyo maana tunayapa maandishi alama ya juu kuliko mchoro. Sehemu ya maandishi kuhusu mtawanyiko na makazi inakueleza rekodi zimetoka wapi. Kwa nguchiro wa Jackson historia ni fupi na inafaa kujulikana. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1894 kutokana na kielelezo kutoka nyanda za juu za Kenya. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vilimweka Kenya, kwenye misitu ya milimani kama ya Aberdare na Mlima Kenya, pamoja na kusini-mashariki mwa Uganda, basi. Kisha kamera za mtego, zinazojipiga mnyama akipita mbele yake, zikampiga picha katika milima ya Udzungwa, Tanzania, mamia ya kilomita kusini mwa mahali pote alipojulikana, na taarifa ya Daniela De Luca na Francesco Rovero ikachapishwa mwaka 2006. Picha zilitoka msitu wa Matundu, ambao ni msitu wa chini, wa joto, upande wa bonde la Kilombero. Kumbe mnyama aliyedhaniwa wa baridi na mianzi anaishi pia kwenye msitu wa bondeni. Mwenye kusoma mchoro peke yake anaona vidoa viwili vya rangi vilivyo mbali. Mwenye kusoma maandishi anaelewa kwamba pengo kati ya vidoa hivyo ni nchi ya mbuga na mashamba, yenye milima michache ya msitu ambako kutokuwepo rekodi si ushahidi kwamba mnyama hayupo.

Sasa kupakua. Fungua akaunti, ingia, bonyeza sehemu ya kupakua kwenye ukurasa wa spishi, chagua poligoni za GIS (mfumo wa ramani za kompyuta). Utaulizwa matumizi yako. Andika ukweli kwa sentensi mbili, maana masharti yanatofautisha elimu na biashara. Usipakue furushi la mamalia wote wa nchi kavu kama unataka spishi moja: ni kubwa mno, na kompyuta yenye RAM ya GB 4 itakwama kabla hujaona chochote. Faili litakuja limefungwa kama zip. Fungua lote kwenye folda moja, maana lenye herufi .shp halifanyi kazi ipasavyo bila ndugu zake .shx, .dbf na .prj. Anayetuma kwa WhatsApp faili la .shp peke yake amemtumia mwenzake kitu kisichokamilika.

Lifungue kwa QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni ya bure, kisha fungua jedwali la sifa kabla hata ya kuangalia ramani. Safu tatu ndizo zinazobeba uzito. Safu ya presence: 1 maana yake yupo, 3 huenda yupo, 4 huenda ametoweka, 5 ametoweka, 6 uwepo wake una mashaka. Namba 2 iliachwa kutumika, lakini kwenye mafaili ya zamani utaikuta. Safu ya origin: 1 ni asilia, 2 amerudishwa, 3 ameletwa na binadamu. Kisha ipo safu ya mwaka wa kuchora. Kwenye skrini ya tovuti, rangi hutofautisha misimbo hii, lakini mara tu faili linapoingia QGIS kila kitu huwa rangi moja. Mtu asiyechuja huhesabu "huenda yupo" sawa na "yupo". Kichujio cha kawaida ni hiki:

presence = 1 AND origin IN (1, 2)

Sehemu ya origin katika kichujio hiki inafaa zaidi Unguja kuliko Udzungwa. Unguja ina wala nyama wadogo asilia, kama kanu na nguchiro wa kienyeji, lakini pia ina waliokuja na majahazi au kuletwa makusudi kutoka Asia: ngawa mdogo wa India na nguchiro wa Asia. Usipochuja origin, kisiwa kitaonekana kama sehemu ya makao asilia ya wanyama ambao kwao ni ng'ambo ya bahari.

Hatua inayofuata ndiyo inayowaangusha wengi, hata wenye shahada: kupima eneo. Faili huja kwa koodineti za nyuzi, mfumo wa WGS84 unaotumiwa na GPS, msimbo EPSG:4326. Ukienda kwenye kikokotoo cha safu na kuandika area($geometry), QGIS itakupa nyuzi za mraba, na haitakuonya. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilomita za mraba 1,990, itatoka kama 0.16. Ukiona namba ya namna hiyo, jua umepima kwa nyuzi. Karibu na ikweta, nyuzi moja ya mraba ni takriban kilomita za mraba 12,300, kwa hiyo unaweza kukagua haraka kichwani. Andika $area badala yake, baada ya kuhakikisha mipangilio ya mradi ina elipsoidi ya WGS84 na vipimo ni vya mraba unaoutaka. Hiyo hupima juu ya umbo la dunia na kukupa jibu sahihi.

Wengine huhamishia UTM, mfumo wa koodineti za mita unaoigawa dunia kwa kanda. Inafaa, ila milima ya Udzungwa imekaa vibaya kwa kazi hiyo: nyuzi 36 mashariki, ambayo ni mpaka wa kanda ya 36 na ya 37, inakatiza milimani. Mang'ula iko kanda ya 37S (EPSG:32737), lakini msitu wa Uzungwa Scarp unaanguka upande wa 36S (EPSG:32736). Ukichanganya nukta za timu mbili bila kuuliza kila timu ilikuwa na kanda gani, nusu ya kamera zako zitaonekana mamia ya kilomita pembeni. Kosa hilo angalau linaonekana. Lililo baya zaidi ni lile la Arc 1960. Karatasi za zamani za ramani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa datamu hiyo, yaani msingi wa zamani wa vipimo, na ukisoma koodineti kutoka karatasi kisha ukaziingiza kama WGS84, nukta inahama kama mita 300. Mita 300 kwenye ukingo wa msitu zinatosha kumtoa nguchiro porini na kumweka katikati ya shamba la mpunga, halafu mtu akaandika kwamba mnyama huyu "anavumilia mashamba". Kwa kupima eneo la milima yote, tumia projeksheni ya Albers ya Afrika (ESRI:102022), inayolinda eneo bila kujali kanda.

Baada ya hapo punguza poligoni kwa makazi. Hapa ndipo huduma ya Orodha Nyekundu inapokuwa na thamani ya kweli, kwa sababu kila tathmini huorodhesha misimbo ya makazi, na mara nyingi mipaka ya mwinuko. Msimbo 1.6 ni msitu wa mvua wa chini katika tropiki, 1.9 ni msitu wa mvua wa milimani, 1.5 ni msitu mkavu. Misimbo hiyo ndiyo maelekezo ya kukata ramani.

Kwa mwinuko, pakua data za SRTM zenye seli za mita 30 kutoka USGS, idara ya jiolojia ya Marekani. Unahitaji akaunti, bure vilevile. Majina ya vipande hufuata kona ya chini kushoto, kwa hiyo Udzungwa inahitaji vinne: S08E035, S08E036, S09E035 na S09E036. Kila kimoja ni kama megabaiti 25. Viunge kuwa kimoja kabla ya kukata, la sivyo utapata ufito mtupu kwenye maungio. Kwa miti, tumia ESA WorldCover, ramani ya uoto ya setilaiti ya mita 10, ambayo ina toleo la 2020 na la 2021, na humo thamani 10 ndiyo miti, 20 vichaka, 30 nyasi, 40 mazao. Kwenye kikokotoo cha rasta (ramani za vimraba) zidisha masharti mawili, la mwinuko na la miti, kisha kata kwa poligoni iliyochujwa. Kinachobaki ndicho unachoweza kukiita makazi yanayowezekana. Kwa misitu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ambao Udzungwa ni sehemu yake, kinachobaki huwa kidogo kuliko poligoni kwa kiasi cha kushtua.

Lakini usikiamini moja kwa moja. Setilaiti huona miti, haioni msitu wa asili. Misonobari ya Sao Hill kule Mufindi na misaji ya bonde la Kilombero yote huhesabiwa miti, na yote iko jirani kabisa na misitu tunayoizungumzia. Data za upotevu wa misitu zinazoonyeshwa na Global Forest Watch zina mtego huohuo kwa namna nyingine: shamba la misonobari likivunwa, ramani huandika upotevu wa miti, na mtu wa mbali huandika kwamba makazi yanateketea. Dawa ni ya mkono. Weka picha ya setilaiti chini ya leya yako, kuza, tembeza macho kando ya mipaka. Shamba la kupandwa hujionyesha lenyewe: mistari iliyonyooka, kingo za pembe kali, rangi moja. Lichore poligoni yake na uliondoe. Mianzi ya Aberdare nayo iangaliwe kwa jicho, kwa sababu kibotania ni nyasi lakini hukua kama msitu, na uainishaji wa kompyuta unaweza kuitupa popote.

Watu huuliza kwa nini mnyama wa vipande vidogo vya msitu hivi hajawekwa kundi la hatari kubwa zaidi. Jibu liko kwenye namba mbili zinazochanganywa kila siku. Ya kwanza ni eneo la kuenea, yaani ukizungushia kamba nukta zote za nje. Ya pili ni eneo linalokaliwa, yaani unahesabu miraba ya kilomita 2 kwa 2 yenye rekodi, kila mraba kilomita za mraba 4. Zungushia kamba nguchiro wa Jackson kutoka kusini-mashariki mwa Uganda hadi Mlima Kenya hadi Udzungwa, na ndani ya kamba utakuwa umefunga Ziwa Natron, Ziwa Manyara na nchi kavu hadi karibu na Dodoma, ambako mnyama huyu hana kazi. Namba inayotoka inavuka kwa mbali kizingiti cha kilomita za mraba 20,000 ambacho chini yake spishi huanza kufikiriwa kuwa hatarini. Upande wa pili, rekodi zikiwa kwenye miraba kumi tu, eneo linalokaliwa ni kilomita za mraba 40, chini sana ya kizingiti cha 2,000; lakini namba hiyo hupima zaidi idadi ya kamera zilizowekwa kuliko idadi ya wanyama. Tena kizingiti peke yake hakitoshi: lazima pia masharti mawili kati ya matatu yatimie, kama kukatika vipande na kuendelea kupungua. Ripoti inayotaja kilomita za mraba bila kusema ni za namba ipi haina maana, na mkaguzi makini atairudisha.

Sasa tulinganishe na huduma mbili ambazo watu huzitumia badala ya poligoni.

GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe, hukupa nukta za makumbusho na tafiti, na kila upakuaji una namba ya kudumu ya kunukuu (DOI). Ni bora kwa mtu anayetaka kujua hasa rekodi zilipo. Udhaifu wake ni koodineti zilizobandikwa baadaye juu ya majina ya zamani. Kielelezo cha kwanza cha nguchiro wetu kiliandikwa kutoka Mianzini, Kenya. Mianzini zipo ngapi Afrika Mashariki? Ipo Arusha, ipo Mbagala jijini Dar es Salaam, na kila palipokuwa na kichaka cha mianzi watu wameipa nchi jina hilo. Mashine inayotafuta jina kwenye kamusi ya mahali haijui tofauti. Kwa hiyo fungua safu ya coordinateUncertaintyInMeters. Isipokuwa na kitu, au ikiwa zaidi ya mita 5,000, nukta hiyo usiitumie kwa kazi ya makazi. Ondoa nukta zinazoangukia sifuri-sifuri baharini Ghuba ya Guinea, zinazoangukia katikati kabisa ya nchi, na zinazoangukia jengo la makumbusho.

iNaturalist, tovuti ambako watu hupakia picha za viumbe walivyoviona, ina picha, na hilo ni jambo kubwa kwa sababu unaweza kukagua mwenyewe. Tatizo ni kwamba kwa spishi zenye hadhi ya tahadhari tovuti huficha mahali: nukta hutupwa ovyo ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, takriban kilomita 22 kila upande. Ni busara dhidi ya majangili. Ila Udzungwa, kilomita 22 zinakutoa kwenye miwa ya Kilombero, mita 300 hivi juu ya bahari, hadi kwenye vilele vya zaidi ya mita 2,000. Nukta iliyofichwa haifai kabisa kupimia mwinuko wala aina ya msitu. Chuja zenye alama ya kufichwa kabla ya hesabu yoyote, au mwombe aliyepiga picha akupe koodineti halisi.

Na picha yenyewe ikaguliwe. Makosa mengi ya mtawanyiko wa mnyama huyu yanaweza kuzaliwa na mkia. Nguchiro wa Jackson ana mkia mnene, wa manyoya meupe. Nguchiro mkia-mweupe (Ichneumia albicauda), ambaye yupo karibu kila mahali penye vichaka na mashamba Afrika Mashariki, naye ana mkia mweupe. Kamera ya usiku yenye mwanga wa infraredi huondoa rangi zote, kwa hiyo ule umanjano wa shingoni na kooni mwa Jackson, ambao mchana ungekata shauri, haupo. Angalia hivi: Ichneumia ana miguu mirefu myeusi, mgongo umeinuka nyuma, na mwanzo wa mkia ni mweusi au kijivu kabla ya weupe kuanza. Jackson ni mfupi, mzito, pua butu, na weupe wa mkia huanzia karibu na kiuno. Ukibahatika kuona unyayo kwenye tope, Jackson ana vidole vinne kila mguu, Ichneumia vitano. Udzungwa kuna na jamaa yake wa karibu, Bdeogale crassicauda, lakini huyo mkia wake ni mweusi na hachanganyi watu sana. Rekodi moja ya Ichneumia iliyoandikwa kimakosa kwenye kichaka nje ya msitu inatosha kuinyoosha kamba ya mtawanyiko hadi mahali ambapo Jackson hajawahi kufika. Kwenye iNaturalist, alama ya ubora wa utafiti huweza kutolewa kwa makubaliano ya watu wawili tu. Wawili wanaweza kukosea pamoja.

Kuna jambo moja ambalo Orodha Nyekundu inalifanya vibaya kwetu, nalo si kosa la kiufundi. Hupima spishi nzima. Mchukue kanu anayeitwa Genetta servalina. Makao yake makuu ni misitu ya Afrika ya Kati, na kwa jumla hana wasiwasi. Lakini Udzungwa ana nususpishi yake (tawi la spishi la mahali fulani), lowei, aliyejulikana kwa ngozi moja tu ya mwaka 1932 hadi kamera ilipompiga picha mwaka 2000. Na Unguja ana mwingine, archeri, aliyepewa jina mwaka 1998 na kupigwa picha akiwa hai kwa kamera za mtego mwaka 2003 katika eneo la msitu wa Jozani. Wote wawili wamefunikwa na blanketi moja la "hana wasiwasi". Afisa anayekagua mradi wa barabara au hoteli kando ya Jozani akifungua ukurasa wa spishi hii atasoma kwamba hakuna tatizo, wakati nususpishi hiyo ya kanu haijulikani kwingine duniani nje ya Unguja. Kwa visiwa na kwa Tao la Mashariki, usiishie kwenye hadhi ya spishi. Tafuta kama kuna nususpishi, na uandike hivyo kwenye ripoti.

Kwa washauri wa tathmini zinazopelekwa NEMC au NEMA, mamlaka za mazingira, neno la masharti: data hizi hazitumiki kibiashara bila ruhusa. Njia iliyowekwa kwa makampuni ni huduma ya IBAT, ya kulipia. Ukilipwa na mwekezaji kisha ukachora ramani kwa faili ulilopakua kama mwanafunzi, umevunja makubaliano uliyoyabonyeza mwenyewe. Na hata ukilipia, usimwandikie mteja kwamba mnyama hayupo kwa sababu eneo la mradi liko nje ya poligoni. Udzungwa yenyewe ilikuwa nje ya poligoni ya nguchiro wa Jackson hadi miaka ya 2000. Kama eneo lina msitu wa mvua uliofunga, bajeti iwe na kamera za mtego, ziwekwe chini, sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, kwenye vijia vya wanyama, ndani ya msitu wenyewe na si kwenye barabara ya gari, na zikae angalau mwezi. Kamera iliyofungwa kwa kimo cha kiuno cha mtu humpita nguchiro juu ya mgongo na kukuletea picha tupu au za paa peke yake.

Ukipata picha nzuri nje ya mstari, huduma hii ina mlango wa kurekebishwa, na hapo tunaipa sifa. Wanaosimamia tathmini za wanyama hawa ni kikundi cha wataalamu wa wala nyama wadogo ndani ya IUCN, na jarida la Small Carnivore Conservation huchapisha rekodi fupi za aina hii. Tuma picha halisi isiyokatwa, ikiwa na ukanda wa tarehe na saa. Koodineti zenye desimali tano pamoja na datamu iliyotumika. Mwinuko uliosomwa kwa kifaa, na ukiutoa kwenye SRTM useme hivyo. Aina ya msitu kwa maneno ya kawaida, mathalani msitu wa mvua wa chini, mianzi, au msitu uliowahi kukatwa. Umbali kutoka ukingo wa msitu. Na idadi ya siku ambazo kamera ilifanya kazi, si siku ambazo ilining'inia betri zikiwa zimekwisha. Kamera ambazo hazikumpata pia zitajwe na mahali zilipokuwa, kwa sababu mchoraji wa poligoni inayofuata anahitaji kujua wapi palitafutwa na kukosekana.